Nani Kasema Paa Hili Halijakamilika?

Mtu wa kwetu akinunua nyumba kuukuu Uingereza hupewa ushauri mmoja kabla hata hajazoea funguo. Atapanda darini na tochi, atakuta vigae vya sleti vimelala vitupu juu ya papi, hakuna karatasi, hakuna ubao, na hapa na pale mwanga wa mchana unapenya. Hapo kila mwenye mdomo atakuwa fundi. Shemeji atasema, jirani atasema, na muuzaji anayegonga milango ya mtaa mzima atasema kwa sauti kubwa kuliko wote: paa hili halikumaliziwa, lizibe kwa ndani kabla baridi haijaingia. Mmoja atashauri plastiki, mwingine karatasi ya alumini, mwingine povu la kupuliza. Hata mkaguzi aliyelipwa kuikagua nyumba ataandika kwenye ripoti yake kwamba chini ya vigae hakuna karatasi ya kinga, kwa lugha itakayomfanya msomaji adhani kuna kitu kimeibwa.

Mimi napinga. Paa hilo lilikamilika siku fundi aliposhuka ngazi, pengine mwaka 1890, na limedumu mpaka leo kwa sababu ya uwazi uleule ambao sasa tunaambiwa ni kasoro. Anayeliziba kwa chini bila kuligusa kwa juu halimalizii kazi. Analiondolea sehemu kubwa ya uwezo wake wa kujikausha, anajinyima nafasi ya kuona linapoharibika, na mara nyingi analipa pesa nyingi kwa ajili hiyo. Hasara yenyewe hutokea polepole, baada ya misimu kadhaa, wakati aliyekushauri hakumbuki hata mtaa unaokaa.

Tuanze na jengo lenyewe, maana wanaolilaumu kwa kawaida hawalijui. Takriban nyumba moja kati ya kila tano za England ilijengwa kabla ya 1919. Nyingi kati yake ni zile za safu, zilizobanana ukuta kwa ukuta, katika miji kama Leeds, Birmingham, Manchester na Leicester. Leicester ndiyo ile ambayo halmashauri yake ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus mwaka 1972 kuwaambia Waasia waliofukuzwa na Idi Amin wasije, nao wakaja, wakanunua nyumba hizohizo za safu na kuufufua mji. Leo ukipanda basi katika miji hiyo si ajabu kusikia Kiswahili cha Unguja kiti cha mbele na cha Bukavu kiti cha nyuma, na wenye lugha hiyo wengi wao wanalala chini ya sleti.

Sleti hizo ni mawe, yaliyopasuliwa kuwa vipande vyembamba katika machimbo ya kaskazini mwa Wales kama Penrhyn na Dinorwic. Ushuru wa sleti zilizosafirishwa kwa meli pwani kwa pwani ulifutwa mwaka 1831, kisha reli zikaenea nchini, na tangu hapo jiwe la Wales likaezeka miji ya viwanda mtaa baada ya mtaa. Karatasi ya lami chini ya vigae haikuwa desturi wakati huo. Ilianza kuenea kati ya vita viwili vya dunia, ikawa jambo la kawaida baada ya 1945. Fundi wa mwaka 1890 hakusahau kitu wala hakumwibia mtu. Alikuwa na namna nyingine ya kuzuia maji.

Namna hiyo ni kupishanisha. Kila sleti hufika chini kiasi cha kuifunika ile ya safu ya pili kutoka kwake, kwa urefu wa milimita 75 hivi, kwa hiyo popote utakapoweka kidole juu ya paa hilo chini yake kuna sleti mbili, na penye mapishano kuna tatu. Maji hushuka kwa mteremko na hayapati njia ya kupanda tena. Hakuna kilichozibwa. Kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi nyembamba ambayo upepo hupita mchana na usiku, na upepo huo ndio unaokausha papi, kichwa cha kenchi na mgongo wa sleti yenyewe. Tone likisukumwa ndani na dhoruba, hutua kwenye ubao mkavu, na kesho yake halipo.

Sehemu zenye upepo mkali mafundi waliongeza jambo moja: walipaka kwa chini, kwenye viungo vya sleti, chokaa iliyochanganywa na nywele za ng'ombe. Watetezi wa kuziba hupenda sana mfano huu. Husema, mnaona, hata wazee walijua kwamba paa linahitaji kufunikwa kwa ndani. Lakini historia ya chokaa hiyo inawasuta. Ilipopakwa kwa uchache, kwenye viungo tu, ilisaidia kuzuia upepo na theluji. Ilipopakwa paa zima, ilishika maji na kuyagandisha kwenye papi, na papi zikaoza. Na hiyo ilikuwa chokaa, kitu kinachonyonya unyevu na kuutoa. Sembuse plastiki, ambayo hainyonyi wala haitoi!

Aliyewahi kuangalia kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilivyopigwa plasta ya saruji juu ya matumbawe na chokaa anaujua mwisho wa ukarabati wa aina hii. Ukuta unapendeza mwaka wa kwanza. Chumvi na unyevu vinabaki ndani, vinatafuta pa kutokea, na plasta inabanduka pamoja na nyama ya ukuta.

Sasa mvuke, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha ubishi. Familia ya watu wanne, kwa kupumua tu, kupika, kuoga na kuanika nguo juu ya redieta, huweza kumwaga hewani takriban lita 10 za maji kwa siku. Maji hayo hayaonekani. Hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikiwa na nyuzi 0 haiwezi kubeba hata gramu 5. Chukua hewa ya sebuleni iliyojaa nusu tu ya uwezo wake. Ikipenya kwenye tundu la taa au pembeni mwa kifuniko cha dari, ikapanda juu na kugusa kitu chenye baridi ya nyuzi 9 au chini yake, itaanza kuacha maji. Usiku wa Januari ambao anga ni jeupe, sleti hupoa kuliko hata hewa ya nje. Waliolala nyumba ya bati isiyo na dari huko Limuru au Makete hawana haja ya kufundishwa: asubuhi ya Julai bati linadondosha maji juu ya blanketi, na mvua haijanyesha.

Katika paa lililoachwa wazi, sehemu kubwa ya mvuke huo hupeperushwa kabla haujatua, na unaotua hukaushwa. Piga plastiki au alumini chini ya kenchi na mambo mawili hutokea kwa pamoja. Upande wa ndani, mvuke unakutana na karatasi baridi na kugeuka maji juu yake. Upande wa pili, kati ya karatasi na sleti, unabaki mfuko wa hewa iliyotulia, na kwa kuwa hakuna fundi duniani anayeweza kupiga karatasi darini, kati ya mabomba na mabomba ya moshi, bila kuacha mwanya, mvuke kiasi utaingia humo pia na usitoke. Ubao ukikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu, ukungu wa kuozesha mbao umeshapata makazi.

Lakini acha mvuke. Tushuke hadi kwenye upenu, kwa maana hapo ndipo ushauri huu unapovunjika hata kwa mtu asiyeamini habari za nyuzi na gramu.

Paa jipya linapoezekwa, karatasi hutandikwa juu ya kenchi kabla ya papi kupigiliwa. Inalegezwa kidogo kati ya kenchi na kenchi ili maji yakipita vigae yapate mkondo, na chini kabisa inavuka ubao wa pembeni na kuning'inia ndani ya gata. Tone lolote linaloingia lina njia ya kutokea nje ya nyumba. Sasa jaribu kufanya hivyo ukiwa umepiga magoti darini. Sleti zimeshapigiliwa kwenye papi, papi zimeshapigiliwa kwenye kenchi, na wewe uko chini ya zote. Karatasi yako itakaa chini ya kenchi, na ncha yake ya chini haiwezi kufika kwenye gata, kwa kuwa kati yako na gata kuna ukuta, kuna miguu ya kenchi, na kuna ule ubao mrefu unaolala juu ya ukuta na kubeba uzito wa paa zima. Kila tone ambalo zamani lingetua popote na kukauka, sasa linakusanywa kwa utaratibu, linateremshwa, na kukabidhiwa kwenye ubao huo. Umejenga mchirizi ndani ya nyumba, na umeuelekeza kwenye ubao ambao ukioza haubadilishwi kwa bei ya plastiki.

Darini kwa jamaa yangu mmoja, mwezi Februari, niliona kazi ya namna hiyo ilivyokaa baada ya miaka kadhaa. Alumini iling'aa, imenyooshwa vizuri na kubanwa kwa pini za stepla. Kila pini ilikuwa na kutu, na chini ya kila kutu tone la maji. Masanduku ya nguo yaliyokuwa chini yake yalishaota ukungu wa kijani pembeni mwa zipu. Tulipofunua kona ya karibu na upenu, pamba ya kioo ilikuwa imelowa hadi imelala bapa, na bisibisi iliingia kwenye ubao wa juu ya ukuta bila kusukumwa. Vigae vyenyewe havikuwa na tatizo la kutisha: sleti mbili zilikuwa zimeteleza, jambo ambalo fundi mwenye ngazi ndefu angelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ila nani angejua? Kabla ya alumini, sleti ikiteleza asubuhi, mwenye nyumba angeona mwanga mpya mchana. Kwa mwenye nyumba kuukuu hakuna chombo cha ukaguzi kilicho rahisi kuliko hicho, na hakitumii betri.

Watetezi walio makini watanijibu kwamba napigana na plastiki ya zamani. Siku hizi, watasema, kuna karatasi zinazopitisha mvuke na kuzuia maji. Piga hizo, na hoja yako yote imekwisha. Haijakwisha. Karatasi hizo ni nzuri, na ningezitaka kwenye paa langu, mahali zilipokusudiwa, yaani juu ya kenchi na chini ya papi. Ukizihamishia chini ya kenchi, bado hazifiki kwenye gata, kwa hiyo hoja ya upenu iko palepale. Zaidi ya hayo, kupitisha mvuke si sawa na kupitisha upepo. Mvuke unapita taratibu kwenye vitundu visivyoonekana. Upepo unabeba maji kwa kasi isiyolinganishwa. Paa la sleti tupu lilitegemea upepo. Karatasi inayopitisha mvuke inaliachia sehemu ndogo ya ule ukaushaji liliozoea, na wakati huohuo inalifunika lisionekane. Muuzaji akikwambia bidhaa yake "inapumua", muulize inamwagia wapi.

Nadhani mzizi wa jambo hili, kwa upande wetu, hauko Uingereza. Kwetu nyumba ambayo ukiinua macho unaona bati na kenchi ni nyumba ambayo mwenyewe bado anajikongoja. Akipata pesa anapiga jipsamu, na siku hiyo ndiyo majirani wanasema kamaliza. Tumekua na jicho hilo. Kwa hiyo mtu akipanda darini Leicester akaona migongo ya sleti, anaona aibu ya zamani na mkono unamwasha kuifunika. Anasahau kwamba ile dari anayoitafuta ipo tayari, amesimama juu yake. Pale alipo si chumba. Ni nafasi ya kati, iliyotengwa makusudi ili baridi na joto vikutane mbali na watu wanapolala.

Hapo ndipo ninapowajibu wanaoleta hoja ya bili, hoja ninayoiheshimu kuliko nyingine zote, kwa sababu gesi na umeme Uingereza vimepanda hadi watu wanakaa sebuleni na makoti. Ni kweli kwamba nyumba isiyo na kinga juu hupoteza takriban robo ya joto lake kupitia paa. Lakini joto hilo linavuka dari kwanza. Ukilizuia kwenye sakafu ya dari, kwa kutandika pamba ya kioo au sufi ya mawe yenye unene wa milimita 270, ambao ndio unaopendekezwa, umelizuia linapotoka. Ukilisubiri kwenye kenchi, umeamua kupasha moto masanduku, mti wa Krismasi wa plastiki na tangi la maji.

Na hesabu ni mbaya zaidi ya hapo. Paa lenye mteremko wa nyuzi 40 lina eneo kubwa kuliko sakafu yake kwa asilimia 30 hivi, na bado hujahesabu kuta za pembetatu za pembeni, kwa hiyo unanunua vifaa vingi zaidi kukinga nafasi usiyoitumia. Kisha pima kenchi za nyumba hizo. Nyingi zina kina cha milimita 75 hadi 100 tu. Kanuni nzuri ya ujenzi inataka uache upenyo wa hewa wa milimita 50 chini ya vigae. Toa, uone kinachobaki: milimita 25, au 50 ukibahatika. Huo ndio unene wa kinga unaouziwa kwa bei ya juu, wakati sakafuni ungeweza kuwa na milimita 270 kwa kazi ya Jumamosi moja na barakoa. Wapo wanaoamua kujaza kina chote cha kenchi na kufuta ule upenyo. Hao wamerudi kwenye mfuko wa hewa iliyotulia, isipokuwa sasa hata hewa haipo.

Kazi ya sakafuni ina masharti yake, na ni afadhali kuyataja kuliko kuyaacha kwa fundi mwenye haraka. Pamba isisukumwe hadi kuziba upenu. Mabomba na tangi vifunikwe, kwa kuwa dari iliyokingwa kwa chini itakuwa na baridi kuliko zamani, na ndivyo inavyotakiwa. Ukanda wa sponji upigwe kuzunguka kifuniko cha kupandia. Kifuniko kilicholegea ni bomba la mvuke. Matundu ya nyaya na mabomba yazibwe, na ile feni ya bafuni ambayo mara nyingi sana bomba lake limeachwa limelala juu ya pamba, likipuliza mvuke wa maji ya moto darini, ipelekwe nje ya ukuta. Ajabu ni kwamba hizi ndizo sehemu zinazostahili kuzibwa katika nyumba nzima, vifaa vyake havifiki bei ya roli moja la alumini, na hakuna muuzaji atakayekugongea mlango kwa ajili yake.

Nakubali mambo matatu. Vumbi lipo, kwenye dari hizi utakuta masizi ya makaa ya mawe yaliyoingia kabla babu zetu hawajazaliwa, na vitu vyako vitachafuka usipovifunika kwa shuka la pamba. Theluji kavu ikisukumwa na upepo wa mashariki huweza kupenya na kuacha unga mweupe juu ya pamba. Ukiwa mdogo unakauka wenyewe, ukiwa mwingi unaukusanya kwa kizoleo. Na karatasi iliyo chini ya vigae, ikiwekwa mahali pake, husaidia kweli kupunguza nguvu ya upepo unaotaka kung'oa vigae. Hilo la tatu ndilo zito. Lakini kinachofanya sleti ing'oke kwa kawaida ni msumari ulioliwa na kutu, na msumari hauponi kwa kufunikwa. Unaponywa na fundi wa paa, kwa nje, sleti moja baada ya nyingine, kwa kipande cha risasi au shaba kinachokunjwa chini yake kuishika.

Povu nalifikia mwisho, ingawa lilistahili kuwa la kwanza kwa madhara. Husukumwa zaidi kwa wazee: mtu mwenye kishikwambi anakuja na kifaa cha kupimia unyevu, anakichoma kwenye kenchi, anakunja uso, na kabla chai haijapoa paa zima linatakiwa kupulizwa. Povu la poliyurethani linavimba, linajaza, linashika. Ahadi ni kwamba litaongeza joto na kugandisha sleti zinazolegea kwa pigo moja. Hiyo ya kugandisha ni kweli, na ndiyo balaa. Sleti nzuri ya Wales inaweza kudumu zaidi ya miaka 100. Misumari ikichoka, fundi huzishusha, huziosha na kuzirudisha juu kwa misumari mipya. Iliyoshikwa na povu gumu haishuki nzima. Mali iliyokuwa na karne nyingine mbele yake imegeuzwa kifusi mchana mmoja. Kenchi nazo zimefunikwa pande zote, kwa hiyo mkaguzi hawezi kuziona, na asichokiona hakiwekei saini. Ndiyo maana baadhi ya wakopeshaji wakubwa wa Uingereza hukataa kutoa mkopo kwa nyumba yenye povu darini, na kuna wenye nyumba waliogundua hilo siku walipopata mnunuzi. Kulikwangua ni maelfu ya pauni, mara nyingi kuliko walivyolipa kulipuliza.

Kuna hali ambazo mtu ana haki ya kufunika paa kwa ndani, na sitaki nionekane nalitetea jiwe dhidi ya binadamu. Familia imeongezeka na chumba kinahitajika juu: hiyo ni kazi ya kuchorwa, ya kuombewa kibali, yenye upenyo wa hewa uliopimwa, wa kuingilia penuni na kutokea kileleni, wala si kazi ya stepla. Nyumba za Scotland mara nyingi zina mbao zilizopigiliwa juu ya kenchi chini ya sleti tangu zilipojengwa, na mantiki yake ni nyingine. Nyumba iliyoorodheshwa kama urithi ina sheria zake, na chama alichokianzisha William Morris mwaka 1877 kulinda majengo ya kale bado kinahubiri kutengeneza kwanza kabla ya kubadilisha. Na kabla ya yote hayo, tazama sakafuni kama kuna vinyesi vidogo vikavu vinavyovunjika kuwa unga ukivisugua. Hao ni popo. Kuziba au kuharibu makao yao Uingereza ni kosa la jinai, hata siku ambayo hawapo.

Nyumba nyingi hazimo katika orodha hiyo. Zina vyumba vya kutosha chini, dari nzima, na paa linalovuja sehemu moja au halivuji kabisa. Kwa hizo, karatasi itakuja kwa wakati wake: pale misumari itakapokuwa imechoka kiasi kwamba kila dhoruba inashusha sleti, na kumwita fundi kila mara kunakuwa ghali kuliko kuezeka upya. Siku hiyo kiunzi kinasimamishwa, sleti zinashushwa na kupangwa kwa ukubwa, zilizovunjika zinawekwa kando, karatasi inayopitisha mvuke inatandikwa juu ya kenchi na kuingizwa kwenye gata, papi mpya zinapigiliwa, na sleti nyingi kati ya zilezile zinarudi mahali pake. England, kazi ya namna hiyo ikigusa zaidi ya nusu ya paa, sheria za ujenzi zitakutaka uangalie na kinga ya joto pia. Kama milimita 270 zako ziko sakafuni, umeshajibu. Kiunzi peke yake ni pesa nyingi. Zile pauni zilizotengwa kwa ajili ya alumini zinaweza kuanza kuchangia mfuko wa kiunzi mwezi huu.